Mzee wako alishawahi kuwa jeshini Marekani? Uliza leo

Naishi Houston, kazi yangu ni kutunza wazee majumbani, najua Wabongo na Wakenya wengi huku Marekani tunafanya kazi hii hii, na wengine kama mimi tumeolewa huku kwahiyo wazee wenyewe ni wakwe zetu. Ndo maana naandika, manake kitu ambacho kingetusaidia tangu siku ya kwanza sisi tulikuja kukijua baada ya miaka miwili.

Baba mkwe alipata kiharusi, kikafuatiwa na ugonjwa wa kusahau, mchana tunalipa dada wa kumwangalia, usiku nakesha mimi na mume wangu, na hela yote inatoka kwenye akiba ya wazee. Siku moja nikamuuliza mama mkwe, hivi baba si alikuwa jeshini? Akasema ndio, lakini hakwenda Vietnam, aliitwa 1967 wakampeleka Ujerumani, miaka miwili yote yuko jikoni anapika, hakuumia hata kidole, sasa VA (idara ya serikali ya Marekani inayohudumia wanajeshi wa zamani) watampa nini?

Jamani, hapo ndipo familia nyingi zinapokosea. VA wana malipo mawili tofauti. Kuna fidia ya mtu aliyeumia au kuugua kwa sababu ya jeshi, halafu kuna pensheni ya mzee wa miaka 65 na kuendelea mwenye kipato kidogo, na hiyo haiulizi kidonda wala haiulizi ulipigana wapi. Kwa aliyeingia jeshini kabla ya Septemba 1980 inatakiwa awe ametumikia siku 90, angalau siku moja tu iwe ndani ya kipindi cha vita, na asiwe amefukuzwa kwa aibu. Kwa ambaye hakukanyaga Vietnam, kipindi hicho kinahesabiwa 5 Agosti 1964 mpaka 7 Mei 1975. Mpishi wetu wa Ujerumani yumo! Na kama mzee hawezi kuoga, kuvaa, kula au kwenda chooni bila mtu, juu ya pensheni kuna nyongeza inaitwa Aid and Attendance.

Watu wanasikia "kipato kidogo" wanakata tamaa, ngoja kwanza. VA wanachukua mapato ya mzee na mkewe wanatoa gharama za matunzo unazolipa mwenyewe, ukiacha sehemu ndogo ya mwanzo, kwahiyo wakiwa na mapato ya dola 24,000 kwa mwaka na mtunzaji analipwa 30,000, mapato yanahesabika sifuri na wanaweza kupata malipo kamili, ambayo kwa viwango vya 2025 yalikuwa dola 33,548 kwa mwaka kwa mzee mwenye mke, pamoja na ile nyongeza ya Aid and Attendance. Mali pamoja na mapato ina kikomo, mwaka 2025 kilikuwa dola 159,240, ila nyumba wanayoishi na gari havimo. Na tafadhali msianze kugawia wajukuu hela ili mfike chini ya hapo, wanaangalia miaka mitatu nyuma na wanaweza kuwanyima malipo kwa muda mrefu.

Ukiniuliza la kufanya leo hii, ni fomu 21-0966. Ni fupi, inasema tu kwamba unakusudia kuomba, lakini inakushikia tarehe kwa mwaka mzima. Sisi tuliituma Machi, maombi kamili yakakamilika Novemba, wakalipa kuanzia Aprili. Ile miaka miwili ya nyuma ndo imekwenda, hairudi, na bado inaniuma.

Halafu tafuta DD-214, karatasi ya kuachia jeshi. Ya kwetu ilikuwa kwenye kopo la biskuti. Kama imepotea unaomba kwenye hifadhi ya nyaraka St. Louis, ila ujue kule kulitokea moto Julai 1973, mafaili mengi ya waliotoka jeshi la nchi kavu kabla ya 1960 yaliungua. Usikate tamaa, wanatafuta kwenye kumbukumbu nyingine kama za mishahara na wanatoa cheti mbadala.

Fomu ya daktari ni 21-2680, na hapa naomba mnisikilize kama mtu wa kazi hii. Wazee wa jeshi wakifika mbele ya daktari wanajikaza, baba mkwe alinyoosha mgongo akasema yuko fiti kabisa, wakati asubuhi ile mimi ndo nimemvalisha mpaka soksi. Daktari akaandika anaendelea vizuri, ikabidi turudi tena. Mara ya pili nilienda na daftari, wiki mbili nzima nimeandika kila siku nani kamwogesha, ameanguka mara ngapi, usiku ametoka nje saa ngapi.

Msilipe mtu kuwajazia. Kabla hatujajua, jamaa mmoja alituchukulia dola 1,800 kwa kutujazia fomu zilezile, kumbe sheria inakataza kabisa kutoza hela kwa maombi ya kwanza. Nenda ofisi ya maveterani ya kaunti yako, au vyama vya wanajeshi wa zamani kama American Legion, VFW, DAV, wana watu waliothibitishwa na VA na wanasaidia bure.

Baba mkwe amefariki mwaka huu, tulimzika na bendera yake. Mama mkwe naye sasa magoti hayamruhusu kuingia bafuni peke yake, na mjane ana haki ya kuomba kivyake kwa fomu 21P-534EZ, pamoja na cheti cha ndoa na cha kifo. Ile 0966 yake nimeshaituma, wiki hii wifi yangu anampeleka kwa daktari, na daftari nimempa.