Ngozi inapokufa baada ya upasuaji wa titi: maswali yenu

Mama ametolewa titi, leo siku ya nane. Pembeni ya mshono ngozi imekuwa nyeusi kama imeungua. Jirani anasema tumkande na maji ya moto ili damu itembee. Tumkande?

Msimkande, nawaomba. Titi linapotolewa, mishipa mingi iliyokuwa ikilisha ngozi ya juu hukatwa. Ngozi inayobaki ni nyembamba, inaishi kwa mishipa michache. Pale damu isipofika, ngozi hubadilika rangi, huota malengelenge, kisha hukauka na kuwa gamba jeusi. Maji ya moto hayairudishi damu hiyo. Tena mishipa ya fahamu nayo imekatwa, kifua kina ganzi: mtamuunguza mama naye asihisi chochote.

Mrudisheni hospitali leo, msingoje tarehe ya kliniki. Sehemu ikiwa ndogo, mara nyingi kidonda husafishwa, hufungwa na kuangaliwa mpaka ijulikane ngozi iliyokufa inaishia wapi. Gamba hubanduka lenyewe au daktari hulikata. Ikiwa kubwa, huenda akapandikizwa ngozi. Akipata homa, au mkiona usaha au harufu mbaya, nendeni hata kama ni usiku wa manane.

Mimi ni mweusi sana. Wanaposema ngozi "inakuwa zambarau", nitaionaje?

Swali zuri, na wahudumu wengi hawalielezi. Simama kwenye mwanga wa mchana, linganisha pande mbili. Tafuta weusi uliozidi, rangi ya kijivu, malengelenge, au chuchu iliyofifia ikiwa iliachwa. Piga picha kila asubuhi, mahali palepale. Picha za siku tatu zikipangwa pamoja humwonyesha daktari mabadiliko ambayo maneno hayawezi.

Nafanyiwa upasuaji mwezi ujao. Sigara mbili kwa siku zina neno?

Zina neno kubwa. Nikotini hubana mishipa midogo, ile ile ngozi yako itakayoitegemea. Acha sasa: madaktari wengi hutaka angalau wiki 4 kabla, na usirudie kidonda kikiwa hakijapona. Shisha na ugoro vimo humo humo. Kama una kisukari, sukari ishushwe kabla ya siku hiyo.

Mwaka umepita tangu upasuaji na mionzi. Nimeshika uvimbe mgumu karibu na kovu. Saratani imerudi?

Huenda ni mafuta ya titi yaliyokufa na kugeuka donge. Hayo si saratani wala hayageuki kuwa saratani. Lakini kwa kidole hakuna awezaye kutofautisha, hata mimi. Nenda hospitali upigwe picha ya titi (mamogramu au ultrasaundi), na wakitaka kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupima, kubali.

Mama mkwe anasema ngozi ilikufa kwa sababu niliwahi kurudi jikoni. Na kemo, yaani dawa za kuua saratani, imeahirishwa.

Si kosa lako, dada. Ngozi hiyo ilikosa damu, jiko halihusiki. Kuhusu kemo, daktari wa upasuaji na wa saratani wazungumze wiki hii hii wakupe tarehe. Usikubali kuambiwa "subiri kidonda kipone" bila siku ya kurudi kuonwa.