Jibu: Albamu yangu ya kwanza inasikika kama bendi tatu

Habari ndugu. Umesema nyimbo zako za blues, soul na funk kila moja ni nzuri peke yake, ila ukisikiliza albamu mfululizo haziungani. Sijasikia nyimbo zenyewe, lakini anza kukagua besi na dramu, gitaa baadaye. Waliopiga ni walewale kwenye nyimbo zote? Sisi tulipokwama hivyo, kurekodi upya baadhi ya nyimbo na mpiga dramu mmoja ndiko kulikotuokoa.

Sikiliza albamu ya mpiga gitaa wa blues Albert King ya 1967, ya lebo ya Stax kule Memphis, Marekani. Gitaa ni blues tupu, lakini nyuma yake wapo bendi ya Booker T. & the M.G.'s, walewale waliompigia mwimbaji Otis Redding soul. Ndiyo maana huoni mshono!

Kwenye funk punguza noti, tafadhali. Mwanamuziki wa funk James Brown alisisitiza pigo la kwanza la kila baa (kundi la mapigo, mara nyingi manne); gitaa likijaza kila nafasi, pigo hilo linafunikwa. Solo ndefu zipeleke kwenye blues.

Ampu (kikuza sauti cha gitaa) pia, usibadilishe kila wimbo. Mpangilio wa nyimbo kwenye albamu, ipi ianze na ipi ifuate, unaweza kusubiri hadi hayo yakae sawa.