Ukitaka bosi ahamie ZFS, usianze na ZFS

Sisi watu wa IT tukipenda kitu tunadhani kila mtu atakipenda kwa sababu zile zile. Unaingia kwa meneja na habari za ZFS, mfumo wa kuhifadhi mafaili kwenye diski, na chekisamu zake (namba za kuhakiki kuwa data haijaharibika) na RAIDZ (kuunganisha diski ili moja ikifa data ibaki), anakusikiliza kwa heshima, halafu anauliza: "Kwani ile ya sasa imeharibika?" Ukijibu hapana, ndiyo basi tena.

Nilipotaka seva yetu ya mafaili itoke ext4, mfumo wa mafaili wa kawaida kwenye Linux, nilianza kwa mhasibu. Kuna mtu alikuwa amehifadhi vitu vingine juu ya faili la mishahara, na bakapu iliyokuwepo ni ya usiku uliopita. Kazi ya asubuhi nzima ikaenda na maji. Nikamwomba amweleze bosi mwenyewe. Fedha zikitajwa na mhasibu huwa na uzito ambao fundi hana.

Kisha nikatoa kompyuta kuukuu stoo, nikaiwekea ZFS kwenye diski mbili, kila moja ikiwa nakala ya mwenzake, na snapshoti (picha ya data kama ilivyo wakati huo) za kila robo saa. ZFS haiandiki juu ya data ya zamani, huandika pembeni, ndiyo maana snapshoti hupigwa papo hapo na hula nafasi kadiri tu data inavyobadilika. Nikamwita bosi: "Mama, futa folda yoyote hapo." Akafuta. Samba, programu inayoiwezesha Windows kufungua mafaili ya seva, nilikuwa nimeshaiunganisha na snapshoti, kwa hiyo nikabofya kulia kwenye folda iliyoibeba ile iliyofutwa, palepale kwenye Windows, nikachagua toleo la awali, ikarudi. Akaomba afute nyingine, safari hii airudishe yeye.

Jaribio la pili lilikuwa la kikatili kidogo. Kwa amri ya dd nikamwaga takataka katikati ya diski moja (mashine ya majaribio tu, na kagua jina la diski kabla hujabonyeza Enter), nikaendesha zpool scrub, amri ya kukagua data yote. Kwenye zpool status, safu ya CKSUM, yaani makosa ya chekisamu, ikapanda kutoka sifuri, lakini mafaili yote yakafunguka salama. Kila bloku (kipande cha data) ina chekisamu inayotunzwa kwenye bloku iliyo juu yake, hivyo mfumo unajua nakala ipi ni nzima na unaitumia kutengeneza mbovu. Chekisamu za ext4 hulinda metadata tu, yaani taarifa kuhusu mafaili. Data yenyewe ikiharibika kimya kimya, utaletewa vilevile ilivyoharibika.

Hapo ndipo alipouliza kitu hiki kinaitwaje. Nikamwambia si cha jana: kilizaliwa Sun Microsystems, kikaingia Solaris mwaka 2005, na tangu 2013 jumuiya inakiendeleza kama OpenZFS. Leseni hailipiwi. Tutakacholipia ni diski na RAM, na bei nilikuwa nayo mkononi, kwa shilingi.

Mabaya yake yaseme wewe kabla hajayasikia kwa mwingine. ZFS inapenda RAM. Leseni yake ya CDDL haielewani na ile ya Linux, kwa hiyo haimo ndani ya kerneli (kiini cha Linux), na ukisasisha kerneli kwa pupa unaweza kukuta moduli ya ZFS, kipande kinachoongezwa kwenye kerneli, haijawa tayari. Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, mwaka 2020 aliwashauri watu wasiitumie. Tena snapshoti si bakapu: mashine ikiibwa, zimekwenda nazo. Nilimwonyesha zfs send ikipeleka nakala kwenye mashine ya jengo lingine.

Swali lake gumu kuliko yote halikuwa la kompyuta. "Na wewe ukiondoka, nani ataishika?" Bila jibu la hilo usipange hata kikao. Mimi nilikuwa nimeandika ukurasa mmoja wa amri, na kijana wa ofisini alikuwa ameshabadilisha diski mbovu akiufuata huo tu, mimi nikiwa sipo.

Aliidhinisha folda za uhasibu peke yake, wengine wakabaki ext4. Nikapokea bila kubishana. Waliokuja kudai na wao wahamishwe ni watu wa manunuzi, na hao walikwenda kwa bosi wenyewe.