Kiyoyozi cha dirishani kikiganda barafu Mbeya, usianzie kwenye gesi

Wageni wakiona kiyoyozi dirishani kwangu huuliza cha nini. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai tunashinda na makoti mpaka jua lipande. Lakini mimi nina studio ndogo ya kurekodi kwaya, huku Soweto. Ni chumba kimoja, kuta zimezibwa kwa magodoro na mazulia mazito, mlango una tabaka mbili na dirisha ni hilo hilo moja. Wakiingia waimbaji 14, pamoja na kompyuta na taa, nusu saa haiishi watu wanajifuta jasho. Na kwa sababu mchana malori ya TANZAM, barabara kuu ya kwenda Zambia, na mashine za kuchomelea hazitupi nafasi, kazi kubwa tunaifanya usiku.

Kiyoyozi nilikinunua kimeshatumika, kikapanda lori kutoka Dar es Salaam. (Kikisafirishwa kimelazwa, kisimamishe siku nzima kabla ya kukiwasha, ili oili irudi kwenye kompresa, ile pampu inayosukuma gesi.) Februari na Machi kilinitunza vizuri sana. Kipupwe kilipoingia, kikaanza kuganda.

Nililigundua tatizo kwa masikio kabla ya macho. Tulikuwa tunarekodi sauti ya pili, yapata saa 5 usiku. Kama kawaida nilizima kiyoyozi ili muungurumo usiingie kwenye maikrofoni, mwalimu wa kwaya akahesabu, wakaanza. Katikati ya ubeti nikasikia kwenye hedifoni "tak", kisha tena "tak, tak", kama mtu anavunja kijiti kikavu. Nikasimamisha. Nilipong'oa grili ya mbele nikakuta koili, yale mabomba membamba yanayopoza hewa, yote imevaa barafu nyeupe, nene kama kidole, mapezi yake, vile vibati vyembamba vya alumini, hayaonekani kabisa. Ilikuwa inapasuka ikiyeyuka, na matone yameshafika kwenye kebo zangu sakafuni.

Fundi wa kwanza hakufungua hata kava. "Bosi, gesi imepungua," akasema. Akajaza, nikamlipa. Baada ya siku nne barafu ikarudi. Akaja, akaongeza nyingine, nikamlipa tena. Ikarudi tena. Fedha ile iliniuma, kwa sababu ilikuwa akiba ya kununulia maikrofoni, na ndiyo maana naandika haya kwa kirefu.

Gesi ya kiyoyozi haiishi kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ile ile, miaka na miaka. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na fundi anayejaza bila kutafuta tundu na kuliziba amekuuzia wiki chache tu. Halafu viyoyozi vingi vya dirishani havina vali ya kujazia. Fundi analazimika kuunga vali kwenye bomba, na kiungo hicho kikifanywa vibaya kinakuwa mahali papya pa kuvuja. Tena gesi ikizidi kipimo, kompresa inaelemewa. Kwa hiyo gesi iwe swali la mwisho.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja anayetengeneza majokofu ya mabucha. Nilimwamkia, nikamweleza habari yote. Akanisikiliza, akauliza swali ambalo yule wa kwanza hakuliuliza: "Mwanangu, kinaganda saa ngapi?" Nikamwambia usiku. "Na mchana?" Nikakaa kimya, maana mchana sikuwahi kukiangalia. Akaniambia nikiwashe saa 6 mchana, feni kasi ya juu, niketi nacho. Nilikaa nacho saa nne. Hakikuganda hata chembe, na hewa ilitoka baridi safi. Usiku wa siku hiyo hiyo, saa moja tu baada ya kukiwasha, ukungu mweupe ukaanza kutambaa kwenye koili. Kama gesi ingekuwa pungufu, mchana pia kingeganda au kingetoa hewa ya vuguvugu.

Nitaeleza alivyonieleza, kwa sababu ukielewa hili unajua mwenyewe la kufanya. Kiyoyozi kinachukua joto la chumbani kwa koili ya ndani na kulitupa nje kwa koili ya nyuma. Kinategemea hewa ya nje iwe na joto kiasi, ili presha ya gesi ibaki pale inapotakiwa. Usiku wetu wa Julai unashuka chini ya nyuzi 10. Koili ya nyuma inapozwa kupita kiasi, presha yake inaanguka, na presha ya koili ya ndani inaanguka nayo. Gesi ya presha ndogo inakuwa baridi zaidi, mabomba yanafika chini ya nyuzi 0, na mvuke wowote unaopita hapo unaganda. Kwangu mvuke ulikuwa mwingi, pumzi za watu 14 wanaoimba kwa nguvu ndani ya chumba kilichozibwa. Barafu ikishaanza inaziba njia ya hewa, koili inazidi kupoa, barafu inazidi kunenepa. Viyoyozi vingi vya dirishani havikutengenezwa vifanye kazi nje kukiwa chini ya nyuzi 16 hadi 18 hivi. Fundi aliyejifunzia Dar es Salaam anaweza kukaa miaka asikutane na jambo hili, kwa sababu usiku wa kule hauna baridi kama ya kwetu.

Baridi ya nje haikuwa peke yake, lakini. Mzee alipokuja kuona kwa macho alinionyesha mambo mengine matatu, na haya yanaweza kukukuta hata Oktoba kwenye jua kali. Nilikuwa nimeegemeza kipande cha godoro la kuzuia mwangwi karibu kabisa na grili, hewa ya chumba haina pa kurudia. Nilikuwa naweka feni kasi ya chini kabisa ili isipige kelele, huku rimoti nimeishusha mpaka nyuzi 16. Na filta ilikuwa imevaa vumbi jekundu kama blanketi. Kiangazi chetu kinaanza Mei na hakiachi mpaka mvua za Novemba, na vumbi hilo linaingia hata pale unapodhani umeziba. Yote matatu yana matokeo mamoja: hewa inayopita kwenye koili ni kidogo, koili inakosa joto la kunyonya, inaganda.

Sasa ukikuta barafu, zima ubaridi, acha feni tupu ipulize mpaka iyeyuke yote. Inaweza kuchukua saa moja, inaweza kuchukua tatu. Tandika taulo na beseni chini. Tafadhali usichokoe barafu kwa kisu wala bisibisi. Mabomba ya koili ni membamba, ukitoboa moja gesi yote inatoka na hapo kiyoyozi umekiua. Na usizime na kuwasha papo hapo, ipe kompresa dakika 3 angalau. Mimi nilikuwa nakosea hapa kila tukimaliza kurekodi wimbo.

Kabla ya kugusa chochote ndani, chomoa waya kwenye soketi. Kapasita nayo, kale kakopo kenye nyaya mbili au tatu, inabaki na umeme hata baada ya kuchomoa, kwa hiyo iache kwa fundi. Filta ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ianike kivulini, irudishe ikiwa kavu. Koili isugue taratibu kwa brashi laini kufuata mapezi yalivyosimama. Yaliyolala yainue polepole kwa kitana cha plastiki. Utaona pia kihisi chembamba cha joto kimeshikizwa mbele ya koili. Kikichomoka, kompresa inaweza kukosa taarifa ya kusimama, basi kirudishe palepale kilipokuwa.

Ukitaka kujua kama kweli ni gesi, angalia barafu ikiwa changa, kabla haijaenea. Ikitanda koili yote sawasawa, fikiria hewa na baridi ya nje. Ikishika kipande kimoja tu karibu na bomba la kuingilia gesi, na upande uliobaki ni mkavu na wa vuguvugu, hapo mwite fundi, na umwombe atafute tundu kwanza. Feni ikizunguka kwa uvivu hata kasi ya juu, huenda ni kapasita au mota. Kwenye hivi vya dirishani mota ni moja, inazungusha feni ya ndani na ya nje pamoja. Umeme ukiwa mdogo nao unaipunguzia nguvu, hivyo stabilaiza nzuri, kifaa cha kusawazisha umeme, inasaidia.

Lakini kwa usiku wa kipupwe, tiba yangu imekuwa kutokukiwasha kabisa. Hewa ya nyuzi 8 ipo nje bure, mimi nalipia umeme kutafuta ubaridi! Nilitoboa ukuta sehemu mbili, chini na juu. Juu nimefunga feni ndogo ya kutolea hewa, na kila tundu nimelijengea sanduku la mbao lenye kona mbili, ndani limebandikwa sponji ili sauti isipite moja kwa moja. Tukimaliza wimbo nawasha feni dakika tano. Joto linatoka na mvuke unatoka nalo, na waimbaji wenyewe huniambia sauti zao hazichoki kama zamani. Kiyoyozi nakifunika kwa turubai upande wa nje, naziba upenyo kwa sponji upande wa ndani, kinapumzika mpaka joto lirudi.

Oktoba nikikifunua, kwanza naosha filta, nasogeza magodoro yaache nafasi ya mkono mzima mbele ya grili, natazama kama bado kimeinama kidogo upande wa nje ili maji yatoke. Kisha nakiwasha mchana, nyuzi 24, feni juu, na grili ya mbele nimeitoa, nikae nacho nusu saa nikiiangalia koili inavyotoa jasho. Ikiwa na matone ya maji tupu kutoka juu mpaka chini, nafunga grili na kuwapigia kwaya simu.