Maswali ya Afya: Ajali Imepita, Kichwa Bado Kinauma

*Habari za kazi, madaktari. Mdogo wangu wa kiume, miaka 24, aligongwa akiwa kwenye bodaboda miezi mitano iliyopita. Alizimia kwa dakika chache, akalazwa siku mbili, CT-Scan ikaonyesha ubongo uko salama. Mpaka leo kichwa kinamuuma kila siku, akigeuka kitandani nyumba inamzunguka, hataki mwanga wala kelele, anasahau, na amekuwa mkali hata kwa mama. Anameza diklofenaki au parasetamoli karibu kila siku. Shemeji anasema nje ya nchi kuna tiba mpya: mgonjwa anakaa kwenye chumba cha oksijeni, au anachomwa seli shina. Familia inataka kuuza shamba la mikorosho. Tuuze?*
Dada wa mgonjwa, Newala

Msiuze, dada. Chumba cha oksijeni ya shinikizo kimejaribiwa kwa askari wa Marekani waliobaki na dalili kama za mdogo wako. Wengine walipewa oksijeni ya tiba, wengine wakaingizwa chumbani humo bila kupewa tiba yenyewe, nao hawakujua. Makundi yote mawili yalipata nafuu inayofanana, maana yake si oksijeni iliyowasaidia. Shinikizo hilo linaweza pia kuumiza ngoma ya sikio. Kuhusu seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, hakuna ushahidi kwamba zinaondoa dalili za namna hii, na wanaoziuza hulipwa kabla mgonjwa hajapona.

Mdogo wako haigizi. CT-Scan huona damu iliyovuja na mfupa uliovunjika. Haioni sikio la ndani lililovurugika, misuli ya shingo iliyokaza, wala mtikisiko wenyewe wa ubongo. Picha inaweza kuwa safi na mtu akaumwa kweli. Wengi hupona ndani ya miezi mitatu. Wanaobaki na dalili mara nyingi wana matatizo matatu au manne yaliyochanganyika, kila moja na chanzo chake, ndiyo maana kidonge kimoja hakimalizi. Tiba iliyopiga hatua miaka ya karibuni ni ya kuyatenganisha na kutibu moja baada ya jingine.

Anzeni na hizo dawa za maumivu. Anayemeza parasetamoli au diklofenaki siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, anaweza kupata maumivu yanayoletwa na dawa zenyewe. Dalili yake: anaamka na kichwa kizito, anameza, anapata nafuu ya saa chache, kinarudi. Aziache kwa makubaliano na daktari. Maumivu yatapanda kwa siku kadhaa, pengine hata wiki mbili, na hapo ndipo wengi hushindwa wakarudia vidonge. Mwambieni mapema kwamba kipindi hicho kinakuja na kinapita. Daktari anaweza kumwandikia amitriptilini, kwa kawaida kuanzia miligramu 10 usiku, inayosaidia kichwa na usingizi pamoja. Hukausha mdomo na kuacha usingizi asubuhi, kwa hiyo asiendeshe pikipiki mpaka ajue inavyomchukua.

Kizunguzungu cha kugeuka kitandani kinanipa matumaini zaidi, maana mara nyingi hutibika siku hiyo hiyo. Pigo la kichwa huweza kung'oa chembe ndogo za chokaa ndani ya sikio. Zikiingia kwenye mifereji ya sikio inayosaidia mwili usiyumbe, kila kichwa kikigeuka mtu huhisi anazungushwa, kwa kawaida chini ya dakika moja. Daktari wa masikio, pua na koo, au mtaalamu wa fiziotherapia, athibitishe kwanza ni sikio lipi, na akague shingo kabla ya lolote, kwa sababu aliyegongwa anaweza kuwa na jeraha la shingo lililopitwa. Kama ni sikio la kulia, hufanyika hivi: anakaa kitandani miguu imenyooka, mto nyuma yake ili akilala mabega yauguse na kichwa kining'inie nyuma kidogo. Anageuza uso kulia nusu ya njia kuelekea bega, analala haraka, anasubiri mpaka mzunguko uishe na sekunde 30 zaidi. Bila kuinua kichwa, anageuza uso mpaka nusu ya njia kuelekea bega la kushoto, sekunde 30. Kisha anageuza mwili mzima ulalie ubavu wa kushoto, uso ukielekea sakafuni, sekunde 30. Ndipo anaketi polepole kwa upande huo huo. Zoezi likishindikana, mara nyingi kichwa hakikuning'inia vya kutosha, au sikio lililotibiwa silo. Akihisi anazungushwa hata akiwa amekaa kimya bila kugeuka, hilo ni tatizo jingine na zoezi hili halimfai.

Kisha mazoezi. Zamani wagonjwa waliambiwa walale gizani mpaka wapone. Siku hizi mapumziko kamili ni siku moja au mbili za mwanzo tu. Baada ya hapo kulala mno huchelewesha kupona. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Buffalo, Marekani, walionyesha mwaka 2019 kwamba vijana walioanza mapema mazoezi mepesi yaliyopimwa walipona haraka kuliko walionyoosha viungo tu. Kwa waliochelewa kama yeye hutumika kanuni ile ile. Atembee, aongeze mwendo kidogo kidogo, na kila dakika mbili ajipe alama ya maumivu kati ya 0 na 10. Alama zikipanda mbili au zaidi, asimame ahesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa sekunde 30, azidishe mara mbili. Tuseme ni 130. Kila siku atembee dakika 20 mapigo yakiwa kati ya 104 na 117, yaani asilimia 80 hadi 90. Baada ya wiki moja au mbili apime upya. Atembee asubuhi, njia tambarare. Mteremko wa Shimo la Mungu, bonde la hapo Newala, ausubiri. Kosa la kawaida ni kujihisi mzima siku moja, akalima kutwa, akalala siku tatu.

Miwani ya jua ndani ya nyumba aivue, kwani macho yakizoea giza mwanga huuma zaidi. Ngoma za unyago anaweza kwenda, akae mbali na spika, kwanza nusu saa. Uraka na nipa, pombe za mabibo, aache kabisa. Ukali na kusahau hupungua usingizi ukitengemaa, ila mama amuulize wazi kama amekata tamaa ya kuishi. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, na aonwe siku hiyo.

Andikeni daftari la wiki mbili: saa ya maumivu, vidonge, usingizi. Lipelekeni pamoja na karatasi za kuruhusiwa na picha ya CT-Scan kwenye hospitali ya wilaya, muombe rufaa kwenda hospitali ya mkoa ya Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Mtwara. Kama ana bima ya afya, rufaa hiyo hupunguza usumbufu.

*Baba, miaka 71, aliteleza bafuni akagonga kichwa wiki nne zilizopita. Hakuzimia. Sasa analala mchana kutwa, mguu wa kushoto anauburuta, na anachanganya majina ya wajukuu. Anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Ni uzee?*
Binti yake, Kilwa Masoko

Si uzee, binti. Mpeleke hospitali leo. Barua yako tumekujibu kwa simu siku tuliyoipokea. Tunaichapa kwa ajili ya wengine wenye wazee nyumbani.

Umri ukienda ubongo husinyaa kidogo, vijishipa vya damu kati yake na fuvu huvutika. Pigo dogo huweza kupasua kimoja, damu ikavuja polepole kwa wiki kadhaa hata mtu akasahau alianguka. Dawa ya kuzuia damu kuganda huongeza hatari hiyo. CT-Scan huionyesha, na ikiwa nyingi mpasuaji hutoboa tundu dogo kwenye fuvu na kuitoa. Wengi hupata nafuu kubwa, wakiwahi.

Mkifika, semeni mlangoni kabisa jina la dawa yake na saa aliyoimeza mara ya mwisho. Msimpe aspirini wala diklofenaki. Akiwa na usingizi mzito msimlishe, anaweza kupaliwa, na upasuaji huhitaji tumbo tupu. Ulizeni tangu mwanzo rufaa itakwenda wapi penye CT-Scan inayofanya kazi na mpasuaji wa ubongo. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, inao. Akitapika, akipata degedege, au asipoamka mkimwita, msisubiri basi la asubuhi. Tafuteni gari la wagonjwa usiku huo huo.