Kichwa kipi cha mashine ya vumbi kitumike wapi

Dada wa Uyole, umeuliza kwa nini makochi na mapazia yanabaki na vumbi jekundu hata ukipitisha mashine ya kufyonza. Tatizo ni kichwa unachotumia, yaani kile kipande cha kubadilisha kinachochomekwa mwishoni mwa bomba.

Anza juu, sakafu iwe ya mwisho. Brashi ya duara yenye nywele laini ni ya nyavu za madirisha na vioo vya luva. Mdomo mwembamba uingize kwenye mikunjo ya kochi ukishatoa mito, na upite polepole. Kile kichwa kipana kifupi ndicho cha vitambaa. Kwenye pazia, fungua kwanza kitundu cha kupunguza mvuto pale kwenye mpini, la sivyo kitambaa kitamezwa. Shika pindo la chini, kisha shuka na kichwa hicho kutoka juu.

Vumbi letu la kiangazi ni laini mno, linaziba filta upesi na mota inachemka. Mwaga kabla chombo hakijajaa. Filta ya sponji ioshe kwa maji matupu, ianike kivulini. Kwa baridi ya Mbeya siku moja huenda isitoshe, na ikirudishwa mbichi inanuka na kushika tope.

Majivu ya jiko la mkaa usiyafyonze kamwe, hata yakionekana yamepoa. Kaa moja hai linatosha kuunguza mfuko.