Uliza kwa Maandishi Kabla ya Kulipa: Ushauri kwa Wanaonunua Vitabu na Barua za Kale Mtandaoni

Nilianza kununua vitabu vikuukuu katika miaka ya tisini, nilipokuwa mwanafunzi, kando ya Tom Mboya, Latema na Moi Avenue, ambako wauzaji hutandaza turubai chini na mnunuzi hana budi kuinama ili asome migongo ya vitabu. Ndiyo maana sisi wakazi wa Nairobi tukaviita vitabu vya inama. Mzee mmoja aliyeniuzia kwa miaka mingi alinifundisha kazi hii bila kukusudia. Siku moja aliniona nimeduwaa mbele ya kitabu chenye jalada la kupendeza, akaniambia, "Kijana wangu, jalada ni nguo tu. Kifungue katikati uone mshono, kisha ukinuse." Nikakinusa, nikakuta harufu ya ukungu, nikakirudisha.

Leo ninanunua sehemu kubwa ya vitabu vyangu, pamoja na barua za kale zenye sahihi, kutoka kwa wauzaji wa mtandaoni walioko Uingereza, Marekani na Afrika Kusini, na nimetambua kwamba mafunzo ya mzee yule hayawezi kutumika kama yalivyo, kwa sababu mkono haugusi mshono na pua haifiki. Mnunuzi amebakiwa na vitu viwili tu: maneno ya muuzaji, na picha ambazo muuzaji mwenyewe ameamua kuzionyesha. Kwa hiyo kila ninachoshauri hapa kinatokana na desturi moja niliyoipata kwa gharama, nayo ni kuuliza maswali mahususi kwa maandishi na kupata majibu kwa maandishi kabla ya kulipa.

Gharama ya kwanza ilikuwa dola 65, mbali na nauli ya posta. Muuzaji alitangaza nakala ya Things Fall Apart cha Chinua Achebe kwa maneno "toleo la kwanza, 1958", nami nikalipa usiku uleule nikihofia kwamba mwingine angeniwahi. Nilipofungua kifurushi katika Posta Kuu ya Kenyatta Avenue, nilikuta kitabu cha jalada jepesi cha mfululizo wa African Writers Series, tena chapa ya miaka ya sabini. Toleo la kwanza lilitolewa London na William Heinemann mwaka 1958, likiwa na jalada gumu. Mfululizo ule ulianza mwaka 1962, na kitabu hicho kikawa cha kwanza katika orodha yake. Siamini kwamba muuzaji alikusudia kuniibia. Katika ukurasa wa hakimiliki aliona maneno yanayotaja mwaka 1958, naye hakushuka hadi mistari ya chini inayoorodhesha chapa zilizofuata. Mwaka wa kwanza wa kitabu hubebwa na kila chapa inayofuata, na kosa hili hutokea mara nyingi kwa vitabu vya waandishi wetu, kwa kuwa vilichapwa tena na tena kwa ajili ya shule.

Tangu wakati huo sinunui kitabu kinachoitwa toleo la kwanza kabla sijatumiwa picha kamili ya ukurasa wa hakimiliki, kuanzia mstari wa juu hadi wa mwisho. Katika ukurasa huo ninatazama mambo matatu. La kwanza ni orodha ya miaka ya kuchapwa upya. La pili ni ule mstari wa tarakimu, kwa mfano kuanzia 10 hadi 1, ambao wachapishaji wengi wa miongo ya karibuni huuweka. Kwa kawaida tarakimu ndogo kabisa iliyosalia ndiyo inayotaja chapa, hivyo mstari unaoishia kwenye 4 unamaanisha chapa ya nne. La tatu ni ISBN, ile nambari ya kimataifa ya kutambulisha kitabu. Utaratibu huo ulianza mnamo 1970, na nambari ya tarakimu 13 ikaanza kutumika rasmi Januari 2007, kwa hiyo kitabu kinachodaiwa kuwa cha 1964 lakini kina ISBN kilichapwa baadaye, hata kama jalada lake limechakaa namna gani. Kuchakaa si umri. Kitabu kilichopita mikononi mwa wanafunzi wa kidato cha tatu kwa mihula miwili kinaweza kuonekana kikongwe kuliko kilicholala kabatini miaka sitini.

Kuhusu hali ya kitabu, fahamu kwamba wauzaji wa vitabu vya kale wana lugha yao. Kitabu wanachokiita "good" kwa kawaida si kizuri kwa maana tunayoielewa. Ni kitabu kizima kisichopungukiwa na kurasa, lakini kimechoka, na huenda kina maandishi ya kalamu na mgongo uliolegea. Badala ya kubishana na neno hilo, uliza: je, kuna ukurasa uliochanika, kuna madoa ya kahawia, kuna harufu ya ukungu, na je, karatasi inayofunika jalada ni ya chapa ileile au imetolewa kwenye nakala nyingine? Swali la mwisho lina uzito mkubwa, kwa kuwa katika vitabu vingi vya karne ya ishirini karatasi hiyo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya bei.

Barua ni jambo zito zaidi, na hapa naomba msomaji anivumilie nikikaa kidogo. Mwaka 2017 nilinunua kwa dola 140 barua iliyodaiwa kuandikwa Nairobi mwaka 1917 na ofisa wa serikali ya kikoloni. Karatasi ilikuwa na rangi ya chai, wino ulikuwa wa kahawia, na sahihi ilikuwa na mikunjo ya kupendeza. Juu yake palichapwa maneno "Kenya Colony". Niliitazama barua ile kwa wiki nzima kwa furaha kubwa kabla ya kukumbuka jambo ambalo nililisoma shuleni: hadi mwaka 1920 nchi hii iliitwa Himaya ya Afrika Mashariki, na jina la Koloni la Kenya lilikuja mwaka huo. Hakuna ofisa ambaye angeandika mwaka 1917 kwenye karatasi yenye jina lililokuwa bado halijatangazwa.

Nikaichukua hadi kwenye duka la rafiki yangu karibu na River Road, ambako kuna ile taa ya kukagulia noti bandia. Chini ya mwanga wake karatasi ile ilitoa mng'aro mkali wa buluu. Kemikali za kuing'arisha karatasi zilianza kutumiwa kwa wingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na karatasi ya 1917 haiwezi kuwa nazo. Uchunguzi wa namna hiyohiyo wa vifaa ndio uliofichua zile shajara bandia za Hitler zilizotangazwa na jarida la Stern nchini Ujerumani mwaka 1983. Hata hivyo, karatasi isiyong'aa haithibitishi kwamba barua ni halisi, kwa sababu waghushi hukata kurasa tupu za mwanzo na mwisho wa vitabu vya kale na kuziandikia. Taa hukuonyesha uongo. Ukweli itakubidi uutafute kwingine.

Ukweli huo mara nyingi umo katika historia tunayoijua wenyewe, na katika hili msomaji wa Nairobi ana faida kuliko muuzaji aliye ng'ambo. Nairobi ilipata hadhi ya jiji mwaka 1950, kwa hiyo karatasi yenye jina la baraza la jiji haiwezi kuwa ya 1946. Stempu zenye majina ya Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja zilianza mwaka 1935, hivyo bahasha yenye stempu hizo haiwezi kuwa ya 1931. Kalamu ya biro iliingia sokoni kwa wingi baada ya 1945. Mwombe muuzaji picha ya barua pande zote mbili, picha ya bahasha ikiwa ipo, na picha iliyopigwa karatasi ikiwa imeinuliwa mbele ya dirisha ili alama ya maji, yaani ile alama ya mtengenezaji iliyojificha ndani ya karatasi, ionekane. Muuzaji mwaminifu hatachoka. Anayejibu kwamba wateja wengine wanasubiri amekwisha kukujibu.

Sahihi nayo ina mitego ambayo si lazima iwe ughushi. Viongozi wengi waliwaruhusu makatibu kutia sahihi kwa niaba yao, na ofisi nyingine zilitumia muhuri wa mpira au mashine ya kuandika sahihi. Ofisi ya Rais Kennedy wa Marekani ilitumia mashine hiyo sana. Binadamu hatii sahihi mara mbili zikalingana kabisa, kwa hiyo sahihi mbili zinazolaliana bila tofauti yoyote zimetoka kwenye mashine au zimenakiliwa. Omba picha ya karibu sana. Penye kalamu halisi utaona wino ukikolea pale mistari inapokatana, na penginepo karatasi imebonyea. Penye uchapaji utaona vitone au rangi iliyolala sawasawa. Tazama pia herufi ndogo chini kushoto mwa barua iliyopigwa taipureta, ambazo kwa kawaida hutaja aliyeisema barua na aliyeipiga. Cheti cha uhalisi kisikutulize peke yake, kwa maana thamani yake haizidi sifa za aliyekitoa, na printa ipo kila mahali.

Kuna swali moja ambalo naliona kuwa la lazima kuliko yote, nalo ni: umeipata wapi? Barua iliyotobolewa matundu mawili ya faili na kuandikwa nambari ya folio, yaani ya mfuatano wa karatasi katika faili, kwa kalamu nyekundu ilikuwa katika faili la ofisi fulani, na huenda haikutoka humo kwa njia halali. Vivyo hivyo kitabu chenye muhuri wa maktaba ya umma lakini hakina muhuri wa kuonyesha kwamba kiliondolewa rasmi. Mimi nimewahi kuacha barua niliyoitamani sana kwa sababu hiyo, nikawapelekea picha zake wahusika wa Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka pale Moi Avenue. Jengo hilo linahifadhi mkusanyiko wa marehemu Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966, mtu aliyekusanya vitabu adimu kuhusu Afrika. Anayetaka kujua vitu halisi vinafananaje aende akavitazame kabla ya kuvinunua.

Kwa malipo nitasema machache. Ninapendelea wauzaji walio katika vyama vinavyojulikana, kama vile ABA, chama cha wauzaji wa vitabu vya kale cha Uingereza kilichoanzishwa mwaka 1906, au vyama vilivyo chini ya shirikisho la kimataifa liitwalo ILAB, kwa sababu wanachama wake hufungwa na kanuni za kueleza bidhaa kwa usahihi. Lipa kwa kadi, hata ile ya Visa inayotengenezwa ndani ya M-Pesa tangu 2022, kwa kuwa malipo ya kadi yana utaratibu wa kupinga na kudai fedha. Usikubali kutuma fedha kana kwamba unamtumia ndugu. Muuzaji wa hapa nchini tukutane mbele ya jengo la Nyaraka, nikague, ndipo nitume. Uliza nauli kabla, maana kitabu cha dola 8 kinaweza kusafirishwa kwa dola 25. Usimwombe muuzaji apunguze thamani kwenye fomu ya forodha, kwa sababu kifurushi kikipotea utafidiwa thamani hiyohiyo ndogo. Mwombe pia afunge kitabu kwa plastiki kabla ya kukitia katoni, hasa kama kitawasili wakati wa mvua za Aprili. Na barua ikifika, tafadhali usiipeleke ikalaminetiwe kama cheti cha shule, wala usiigandishe kwa seloteipu. Joto na gundi huiharibu kabisa.

Mwaka jana nilinunua barua ya 1938 kutoka kwa muuzaji wa Uingereza. Nilimwandikia maswali saba. Alijibu yote, akaongeza la nane ambalo sikuuliza: kwamba kona ya chini ilikuwa imekarabatiwa kwa karatasi nyembamba, jambo lisiloonekana katika picha, na kwamba barua ilitoka katika mali ya familia ya aliyeandikiwa. Nilichapa mawasiliano yetu yote, kurasa nne, nikayaweka katika jalada moja pamoja na barua, risiti na bahasha ya posta. Binti yangu ameshaonyeshwa jalada hilo liko rafu gani.